Chagua Kabla Mchwa Hajakuchagulia

Katika nyumba nyingi za Mji wa Kale wa Mombasa, kuanzia Kibokoni hadi Mkanyageni, skuli haiishi siku ya mtihani wa mwisho. Huhamia mvunguni mwa kitanda. Sanduku la bati lililotengenezwa na fundi, likapakwa rangi na kuandikwa jina la mwenyewe, hurudi kutoka bwenini na kufuli lake, na humo ndani mna kila kitu: ripoti za kila muhula, mkebe wa jiometri usiokuwa na bikari, kadi za kutakiwa heri ya mtihani, shati jeupe lenye sahihi za darasa zima, otografu, barua, bahasha ya picha. Mwenyewe sasa ana watoto wanne na yuko Muscat. Sanduku liko palepale, na mamake kila akifagia hulisogeza kwa mguu.

Wengi hudhani muda upo. Nyumba za mji huu zasema vingine. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zimebebwa na boriti za mikoko, na kuta zake nene hunyonya maji ya ardhini na ya mvua kisha huyaachilia polepole chumbani. Bahari iko hatua chache tu, na chumvi yake huingia kwa kila dirisha. Masika yakifika, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi Mombasa, karatasi zilizolazwa sakafuni katika vyumba vya chini hujikunja, hutoka madoa, hunuka uvundo. Nondo na mende hawako mbali. Ikiwa mchwa wameshapata njia ukutani, kwao otografu ya mwaka 1994 na mguu wa kitanda ni chakula kimoja. Asemaye hatupi chochote hajui kwamba vitu vyake vinatupwa kila siku, kidogo kidogo, tena bila ya kuulizwa kipi anakipenda zaidi.

Ndiyo maana kupunguza makorokoro ya skuli si ukatili wala si kuwasahau watu. Ni mwenyewe kuamua kipi kibaki, kabla uamuzi haujachukuliwa na unyevu. Na kazi hii ina mpango wake. Anayekaa kitako akafungua sanduku na kuanza kusoma kadi ya juu kabisa hatafika popote. Adhuhuri itaadhiniwa angali kwenye kadi ya sita, macho mekundu, na jioni atarudisha vyote kama vilivyokuwa. Siku ya kwanza ni ya kupambanua tu, bila ya kusoma. Vitu vinatolewa na kutiwa katika mafungu matatu: vinavyothibitisha jambo, vinavyokumbusha jambo, na vilivyo mali ya watu wengine.

Msimu pia una maana. Kaskazi, hasa kati ya Januari na Machi, jua ni kali na mvua ni haba, na karatasi zikianikwa kivulini hukauka vizuri. Familia nyingi hufanya usafi mkubwa na kupaka chokaa kabla ya Ramadhani, lakini huo ni wakati mbaya kwa kazi hii: kila mtu ana haraka, na fagio la Shaaban halijui tofauti ya karatasi ya kufungia njugu na cheti cha kuondokea skuli.

Fungu la kwanza ndilo lenye uzito, na halihusiani na mapenzi hata kidogo. Vyeti vya mitihani, cheti cha kuondokea skuli, karatasi za matokeo, barua za kuitwa chuoni, na mara nyingi cheti cha kuzaliwa kilichojificha baina ya ripoti mbili: vyote hivi vinatoka sandukuni siku hiyohiyo na havirudi tena mvunguni. Kenya imebadilisha mitihani yake mara kadhaa, na kila mabadiliko yameacha kizazi chenye karatasi ambazo kizazi kinachofuata hakizijui. Aliyemaliza msingi kabla ya 1985 ana CPE. Mwaka huo ikaja KCPE pamoja na mfumo wa 8-4-4, ikafanywa kwa mara ya mwisho 2023. Waliosoma sekondari kabla ya mfumo huo wana KCE na KACE, wakubwa wao wana vyeti vya Cambridge, na KCSE ilianza 1989. Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, lenyewe liliundwa mwaka 1980. Karani wa leo akiletewa cheti cha KACE huenda akakigeuza mara mbili tatu kabla ya kuelewa ni kitu gani. Asiyekuwa nacho atamwelezaje?

Mombasa yenyewe ina mfano mzuri. Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyojulikana kwa kifupi MIOME, ilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1951. Mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kishiriki, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Majengo ni yale yale ya Tudor, lakini fundi aliyehitimu hapo zamani ana karatasi yenye jina ambalo haliko tena langoni. Huyo asitupe hata barua ya kukubaliwa chuoni, kwa sababu siku ya kudai malipo ya uzeeni au ya kuthibitisha ujuzi wake, karatasi moja huishuhudia nyingine.

Cheti cha KNEC kikipotea kuna njia ya kuomba kingine au kuomba matokeo yathibitishwe, na maombi hupitia mfumo wa Baraza kwenye intaneti. Lakini kunahitajika ripoti ya polisi, vitambulisho, ada, na subira. Ni rahisi zaidi kununua bahasha.

Jambo moja linafanywa na wengi kwa nia njema, nalo ni kukitia cheti kwenye plastiki ya moto ili kisiharibike. Katika mji ambao kila nyumba ina mtu Dubai, Doha au Muscat, hilo ni kosa la gharama. Cheti kinachopelekwa nchi za Ghuba kwa ajili ya kazi hugongwa mihuri, kwanza na wizara hapa nyumbani na kisha ubalozini, na muhuri hauwezi kugongwa juu ya plastiki. Kuibandua nayo ni kukichana. Afadhali mfuko wa plastiki ulio wazi upande mmoja, ndani ya faili ngumu, iwekwe ghorofa ya juu, shibiri moja kutoka ukutani. Kisha zitolewe nakala mbili tatu, na moja ihifadhiwe na ndugu anayeishi mbali, Nairobi ama Jeddah. Moto ukizuka katika vichochoro hivi, nyumba zilivyobanana, hakuna wa kurudi kutafuta faili.

Vipi kuhusu karatasi za aibu? Wapo waliohifadhi matokeo mabaya kwa miaka, wameyakunja mara nne na kuyaficha ndani ya mkebe, hawataki yaonekane wala hawathubutu kuyachoma. Hapa mji una kisa chake. Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933, alipata daraja la tatu katika mtihani wa Cambridge, na Makerere ikamkataa. Akafanya kazi ya ukarani pale pale MIOME. Baadaye akapata nafasi ya kusoma Uingereza na Marekani, na katika miaka ya 1960 akarudi Makerere ile ile akiwa profesa. Hakukificha kisa hicho. Alikisimulia hadharani mara nyingi. Alifariki Oktoba 2014, akazikwa katika makaburi ya Mazrui karibu na Ngome Kuu (Fort Jesus). Kwa mwenye sanduku, hukumu ni hii: cheti rasmi kibaki hata kikiwa kibaya namna gani, kwa sababu ni ushahidi na huenda kikahitajika. Lakini ripoti ya muhula yenye maneno ya mwalimu aliyeandika kwa hasira kwamba mtoto huyu hafai haithibitishi chochote kwa yeyote. Ichomwe, na mwenyewe asijisikie vibaya.

Kabla ya kuingia kwenye kumbukumbu kuna fungu dogo ambalo ndani ya Mji wa Kale haliwezi kurukwa. Karibu kila mtoto wa hapa alisoma mara mbili, skuli asubuhi na chuoni jioni, na vitu vya chuoni vimechanganyika na vya skuli: juzuu zilizokatika jalada, madaftari ya hadithi, karatasi za kasida za Maulidi. Hivi havitupwi jaani. Njia zinazojulikana kwa wanavyuoni ni kuvizika mahali safi pasipokanyagwa, kuvichoma na kuyazika majivu, au kuvitosa kwenye maji yatembeayo. Kuchoma huwatia watu wengi wasiwasi, lakini mfano wake ni wa zamani: Sayyidna Uthman, baada ya kunakiliwa Msahafu mmoja wa kufuatwa na wote, aliamuru nakala nyingine zichomwe. Imamu wa msikiti wa mtaani ataeleza lipi ni jepesi na huenda akapokea furushi lenyewe. Anayechagua bahari avue kwanza jalada za plastiki, maana samaki wa Mombasa wana plastiki za kutosha.

Yanayosahaulika ni madaftari ya IRE, somo la dini ya Kiislamu skulini. Mtu huuza kilo kadhaa za daftari kuukuu kwa mfungaji wa njugu, na katikati ya hesabu na jiografia mna kurasa arobaini za aya zilizonakiliwa kwa mkono. Zipitiwe moja moja.

Na inafaa kukumbuka kwamba elimu ya zamani ya mji huu haikuwa ya kuweka karatasi. Mtoto wa chuoni aliandika kwa wino juu ya ubao, akasoma hadi akahifadhi, kisha ubao ukaoshwa ili somo la kesho lipate mahali. Hakuna aliyelia kwa ubao kuoshwa. Kilichotakiwa kilikuwa kichwani.

Sasa picha, ambazo ndizo ngumu kuliko vyote na ndizo zinazofaa kupewa muda mrefu zaidi.

Mombasa ni mji wa studio. Studio ya N. V. Parekh ilipiga picha za watu wa kila jamii ya mji katikati ya karne ya 20, na picha zake leo zinasomwa na wataalamu wa sanaa ng'ambo. Kwa hivyo kabla ya kuamua chochote, picha igeuzwe. Nyuma huenda pana muhuri wa studio, mwaka, au mstari mmoja wa maandishi ya baba. Picha yenye muhuri au tarehe ina thamani ambayo haiko kwenye sura peke yake. Ile isiyo na chochote, yenye vijana wanane mbele ya darasa wasiotajwa majina, itakuwa takataka siku atakapofariki mtu wa mwisho anayewajua. Kazi kubwa, basi, ni kuandika majina. Yaandikwe kwa penseli laini, pembeni, nyuma ya picha, kwa mkono mwepesi. Kalamu ya wino hupenya na kutokea upande wa pili kwenye joto hili.

Picha zilizoshikana zisivutwe. Kwanza kifurushi kipigwe picha kwa simu jinsi kilivyo, ili lolote litakalotokea kuwe na akiba. Picha za kawaida za rangi zilizosafishwa kwa dawa studio, za miaka ya 1980 na 1990, aghalabu hustahimili kulowekwa kwenye maji safi ya baridi hadi zikaachana zenyewe. Kisha hulazwa kivulini juu ya kitambaa safi, uso juu. Lakini zilizokwisha kuota ukungu, zilizotolewa kwa printa ya wino, na zile kongwe za weusi na weupe zenye maandishi ya wino nyuma, haziingii majini kabisa. Iliyoganda kwenye kioo cha fremu iachwe huko huko na ipigwe picha juu ya kioo, kwa pembe isiyoleta mwako. Albamu za kurasa zenye gundi, zile zilizokuwa fahari ya kila nyumba, ndizo adui mkubwa: gundi yake hugeuka manjano na kuila picha kwa nyuma. Uzi wa kusafishia meno, ukipitishwa taratibu chini ya picha kama msumeno, huibandua bila ya kuipasua.

Kama wadudu wamo tayari, makumbusho hutumia baridi, na nyumbani inawezekana. Karatasi zilizokwisha kukauka zinafungwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki, hewa ikatolewa, zikawekwa kwenye friza kwa wiki mbili, kisha mfuko ukaachwa umefungwa siku nzima nje mpaka baridi iishe. Hapo itabidi kuzungumza na mama, ambaye ana nguru wake na maji ya barafu ya kuuza, na ambaye hajawahi kusikia kwamba ripoti za darasa la nne huwekwa kwenye friza.

Kuna suala jingine la picha ambalo ni la hapa zaidi kuliko kwingine. Msichana aliyepigwa picha bwenini akiwa na miaka 16, kichwa wazi, anacheka na wenzake, leo ni mama wa watu, havui buibui mbele ya wasio maharimu zake. Picha hiyo ikitiwa kwenye kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja, baada ya saa moja iko kwa watu ambao hakuwaruhusu kumwona. Nia ilikuwa kufurahishana. Matokeo ni uhasama. Picha ya watu kumi ina wenyewe kumi. Anayetaka kuisambaza awaulize kwanza, na anayetaka kuondokana nayo ampelekee mwenyewe aamue, au aikate vipande. Hivyo hivyo kwa barua. Barua iliyoandikwa na msichana wa Fomu Tatu si mali ya aliyeipokea pekee, na kuitunza ili watoto wa mtu mwingine waje waisome si uaminifu. Jiko la makaa lipo.

Kwa vitu vyenyewe, mashati na mikebe na vikombe vya mashindano, kamera ya simu ndiyo dawa, na kuna ushahidi. Mwaka 2017 watafiti Karen Winterich, Rebecca Reczek na Julie Irwin walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika mabweni ya Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, wakati wa kufunga chuo, wanafunzi wanapotoa vitu vyao sadaka. Katika baadhi ya mabweni matangazo yaliwahimiza wanafunzi wapige picha vitu vya kumbukumbu kabla ya kuvitoa; kwingine yaliwaambia tu wavikusanye na kuvitoa. Kundi la kwanza lilitoa vitu 613, la pili 533. Walichogundua ni kwamba mtu haogopi kupoteza shati. Huogopa kupoteza ule upande wa nafsi yake uliovaa shati hilo, na picha humtuliza.

Ila picha ipigwe sawasawa. Asubuhi, barazani au chini ya dirisha, kivulini, bila ya mwanga wa kamera, kitu kimelazwa juu ya shuka jeupe. Shati la sahihi lipigwe mbele, nyuma, na kila sahihi kwa karibu, kwa maana baada ya kufuliwa mara moja wino hufifia na majina hayasomeki. Hatua inayofuata ndiyo inayosahaulika: kuandika sentensi mbili tatu. Nani alikuwa nani, kiatu hiki kilinunuliwa wapi, kwa nini sahihi moja imepigwa mstari. Au zisemwe kwa sauti na kurekodiwa. Picha ya shati isiyo na maelezo haimwambii mjukuu kitu. Na picha hizo zisipelekwe kwa njia ya kawaida ya WhatsApp, ambayo huzibana na kuzipunguza ubora; zitumwe kama faili, na zihifadhiwe mahali pawili.

Shati likishapigwa picha, mfuko wa kifuani wenye nembo unaweza kukatwa na kubaki. Kilichosalia ni kitambaa. Sare iliyo nzima hurudishwa skuli ile ile, kwa mwalimu anayejua ni mtoto gani amekuja mwezi huu na sare ya mwaka juzi. Hili halihitaji maelezo mengi. Kila skuli ya serikali kisiwani ina watoto hao.

Fungu la tatu, mali ya watu wengine, huleta maneno. Sanduku lililo chini ya kitanda cha mama mara nyingi si la mama, na aghalabu si la mtoto mmoja. Ndugu watatu waliosoma Allidina Visram, Khamis na Coast Girls wameacha vitu vyao, wametawanyika, na kila mmoja akipigiwa simu husema viachwe, atakuja Disemba. Disemba huja na yeye haji. Hapo mwenye nyumba ana haki. Nyumba za Mji wa Kale ni za urithi, zimegawanywa chumba kwa chumba baina ya warithi, na nafasi ni mali. Njia ya kistaarabu ni kufungua sanduku mbele ya kamera ya simu huku mwenyewe akitazama akiwa ng'ambo, kumuuliza kipande kwa kipande, na kumpa tarehe moja: baada ya Idi Kubwa, kwa mfano, visivyoombwa vitatolewa. Vyeti vyake visiguswe hata asipojibu. Vitu vya marehemu ni jambo jingine. Daftari la mtoto aliyetangulia mbele ya haki halina bei sokoni, lakini lina warithi na lina mama. Asiliguse mtu kabla mama mwenyewe hajasema.

Baada ya yote hayo hubaki vitu vichache ambavyo si vya nyumba moja, bali vya mji mzima. Mashairi mengi ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki karibu mwaka 1840, yamefika hadi leo kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah na Mwingereza William Taylor waliyakusanya kutoka kwa watu waliokuwa wangali wakiyakumbuka. Nakala hizo ziko London, katika maktaba ya SOAS. Jarida la skuli la miaka ya 1960, orodha ya waigizaji wa mchezo wa kuigiza, picha ya walimu yenye majina, barua ya Kiswahili kwa khati za Kiarabu, kitabu cha chuoni kilichonakiliwa kwa mkono: hivi visiende kwa mwenye mkokoteni. Mjini iko RISSEA, taasisi ya utafiti wa Uswahili iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na yapo Makumbusho ya Ngome Kuu. Si kila kitu watakipokea, na ni vyema kuuliza kabla ya kubeba. Mkebe wa jiometri hawautaki.

Yaliyosalia yaondoke bila ya sherehe. Daftari safi zilizotumika nusu zikatwe kurasa tupu, wapewe watoto. Zilizojaa, baada ya kutolewa za dini, huchukuliwa na wafunga njugu na wauza karatasi kuukuu. Zilizoota ukungu haziuzwi wala hazifungii chakula. Hizo huenda Mwakirunge pamoja na taka nyingine za kaunti.

Vitabu vina saa yake, na hapa watu wengi huchelewa. Riwaya hazizeeki: nakala ya Utengano au ya Kidagaa Kimemwozea iliyosomwa kwa mtihani itasomwa tena kwa raha, na maktaba ya umma mjini au ya skuli yoyote itaipokea ikiwa haijachanika. Miongozo ya riwaya hizo ndiyo iliyokufa; Kidagaa kilipoipisha riwaya ya Chozi la Heri mwaka 2018, miongozo yake ikawa karatasi. Vivyo hivyo kwa nukuu za masomo. Mtaala mpya ulianza madarasa ya chini mwaka 2019 na sasa umefika sekondari pevu. Darasa la mwisho la 8-4-4 liliingia kidato cha kwanza 2024 na linatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027. Mwenye daftari kamili za kemia, hisabati au historia za kidato cha tatu na cha nne, zenye maandishi yanayosomeka, amtafute mtahiniwa sasa. Baada ya mtihani huo hazitakuwa na wengi wa kuzihitaji.